Maswali ya Wasomaji: Chicago, mtaa kwa mtaa

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zina kiini kimoja: ndugu anahamia Chicago, au amekwisha fika, na hajui akae wapi. Tumechagua sita. Msimamo wetu ni uleule kwa wote: jina la mtaa peke yake halikuambii mengi. Dai namba ya nyumba na makutano ya barabara kabla ya kutoa hata dola moja.

SWALI: Mdogo wangu anatafuta chumba Chicago kupitia matangazo. Jengo lilelile tangazo moja linasema liko Pilsen, jingine linasema Lower West Side. Je, huu ni utapeli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, hapo yote mawili ni kweli. Jiji la Chicago limegawanywa mara nne, na migawanyo hiyo haifuatani.

Mgawanyo wa kwanza ni wa maeneo 77 yenye namba na mipaka maalumu. Yalichorwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1920, na mipaka yake imebaki karibu ileile ili takwimu za sensa za zamani ziweze kulinganishwa na za leo. Badiliko linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1980, Edgewater ilipotengwa na Uptown na kuwa eneo la 77. Wa pili ni wa kata 50, kila moja na diwani wake. Mipaka ya kata huchorwa upya kila baada ya sensa, kwa hiyo nyumba yaweza kuhama kata bila mwenyeji kuhama. Wa tatu ni misimbo ya posta, inayoanza na 606. Wa nne ni majina ambayo watu wenyewe wanayaita makazi yao, na haya hayana mpaka wa kisheria.

Kwa hiyo Pilsen ni jina la watu. Waliolianzisha ni wahamiaji wa Kicheki, kwa kukumbuka mji wao wa Plzeň, na leo mtaa huo unajulikana kwa Wamexico na kwa jumba lao la makumbusho ya sanaa. Kwenye orodha ya maeneo 77 humo humo panaitwa Lower West Side. Vivyo hivyo Little Village ni South Lawndale, na Back of the Yards, uliokuwa nyuma ya machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka 1971, uko ndani ya New City. Greektown na West Loop zote zimo katika Near West Side.

Ubaya unaingia pale dalali anapolivuta jina la mtaa unaopendwa hadi kwenye majengo ambayo hayamo, ili apandishe kodi. Hakuna sheria inayomzuia, kwa sababu hakuna mpaka. Akisema “karibu na Wicker Park” au “Bucktown ya magharibi”, mwulize jengo liko kwenye makutano ya barabara zipi.

Jina moja zaidi la kuangalia ni East Side. Wenyeji husema kuna upande wa kaskazini, wa kusini na wa magharibi tu, maana mashariki ni Ziwa Michigan. Lakini eneo la 52 linaitwa East Side, nalo liko kona ya mbali ya kusini-mashariki, mpakani na jimbo la Indiana. Anayedhani ni upande wa mashariki wa katikati ya jiji atajikuta zaidi ya maili 10 kutoka huko.

SWALI: Nimeandikiwa anwani “2800 W Devon Ave” na nyingine “5500 S Halsted St”. Wenyeji wanasema ukiona namba tu unajua nyumba iko wapi. Hesabu yake inakwendaje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wanasema kweli, na tunakushauri ujifunze hesabu hii kabla ya kuangalia picha yoyote ya nyumba.

Namba zote huanzia kwenye makutano ya barabara za State na Madison, katikati ya jiji. State inagawa mashariki na magharibi, Madison inagawa kaskazini na kusini. Mpango huu ulipiganiwa na mkazi mmoja, Edward P. Brennan, aliyechoshwa na vurugu za namba za zamani. Ulianza kutumika mwaka 1909, na katikati ya jiji mwaka 1911.

Kila maili moja, yaani kilomita 1.6, ina namba 800. Gawanya namba ya nyumba kwa 800 upate umbali kwa maili. 2800 W Devon ni maili 3 na nusu magharibi ya State. Devon yenyewe iko 6400 kaskazini, yaani maili 8 kutoka Madison. Barabara kubwa hukutana nawe kila baada ya maili moja. Ukielekea kaskazini ni Chicago Avenue kwenye 800, North Avenue 1600, Fullerton 2400, Belmont 3200, Irving Park 4000, Lawrence 4800, Bryn Mawr 5600, kisha Devon 6400. Ukielekea magharibi ni Halsted 800, Ashland 1600, Western 2400, Kedzie 3200, Pulaski 4000 na Cicero 4800. Ukizikariri hizi, hutapotea.

Upande wa kusini una kasoro inayowaponza hata watu waliozoea. Maili ya kwanza inaishia Roosevelt, ambayo ni 1200 badala ya 800. Ya pili inaishia Cermak, 2200. Ya tatu inaishia barabara ya 31, yaani 3100. Kuanzia hapo kanuni ya 800 inarudi. Kwa hiyo 5500 S usiigawe moja kwa moja. Toa 3100, inabaki 2400, ambayo ni maili 3, kisha ongeza zile maili 3 za mwanzo: jumla 6. Ungegawa tu ungepata karibu 7. Uzuri wa kusini ni kwamba barabara nyingi zina namba badala ya majina: barabara ya 55 iko 5500.

Namba shufwa ziko upande wa kaskazini na wa magharibi wa barabara, namba witiri upande wa kusini na wa mashariki. Hii inakusaidia usiku, au theluji inapofunika vibao.

Herufi ya upande usiiache kamwe. Kuna 1600 N Halsted na 1600 S Halsted, na kati yake ni zaidi ya maili 3. Barabara iitwayo North Avenue nayo inakwenda mashariki na magharibi. Na mtu akikuambia nyumba iko Karlov, Keeler au Kildare, jua mara moja ni kati ya Pulaski na Cicero, kwa sababu barabara nyingi za maili hiyo zilipewa majina ya herufi K.

Barabara za mshazari, kama Milwaukee, Clark, Lincoln, Ogden na Archer, hukata mraba wote. Kadhaa kati yake zilikuwa njia za Wahindi Wekundu kabla ya jiji. Kwenye hizo namba hufuata upande ambao barabara inahesabiwa, kwa hiyo uliza pia barabara inayoikata.

Sasa tumia hesabu hii kwenye tangazo lako. Limesema 2800 W Devon “iko karibu na treni”? Kituo cha Loyola cha njia ya treni iitwayo Red Line kiko kama 1200 W. Tofauti ni 1600, yaani maili 2, zaidi ya kilomita 3. Mwezi Januari huo si mwendo wa miguu. Utahitaji basi namba 155 linalopita Devon, na muda wake uuingize kwenye safari yako ya kazini kila siku.

SWALI: Nilielekezwa nishuke kituo cha Western nikashuka pabaya. Kuna Western ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kwenye treni za L, yaani treni za mjini Chicago, ziko 5: moja Brown Line, moja Orange, moja Pink na mbili Blue Line. Sababu ni kwamba kituo hupewa jina la barabara ambayo reli inaikata, na Western ni ndefu kuliko karibu barabara zote za jiji, kwa hiyo inakatwa na reli nyingi. Kwenye Blue Line usiseme “Western” peke yake. Sema Western ya tawi la O'Hare au ya tawi la Forest Park. Harlem nayo inajirudia mara mbili kwenye Blue Line.

Red Line na Blue Line hufanya kazi saa 24. Nyingine husimama usiku. Anayefanya zamu za usiku hospitalini au ghalani akae kwenye mojawapo ya hizo mbili, au ahakikishe kwanza kuwa basi la barabara yake lina huduma ya usiku kucha.

SWALI: Sisi ni familia kutoka Kivu, watu saba. Ndugu zetu wako Rogers Park nasi tunataka kuwa karibu nao. Tumeonyeshwa nyumba iliyo chini kidogo ya usawa wa barabara, kodi nafuu. Mwenye nyumba anasema joto tutalipa wenyewe. Tuikubali? (Mama wa watoto watano, Chicago)

JIBU: Mama, Rogers Park na jirani yake West Ridge ni chaguo zuri. Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wamepewa makazi huko, na barabara ya Devon ina maduka ya Wahindi na Wapakistani ambako mchele, dengu, viungo na nyama halali hupatikana kwa urahisi. Red Line inasimama Loyola, Morse, Jarvis na Howard. Ukivuka Howard kwenda kaskazini karibu kote unaingia Evanston, mji mwingine wenye sheria zake, ingawa treni ya Chicago inafika huko pia.

Kuhusu nyumba hiyo ya chini, tuna mashaka matatu.

La kwanza ni maji. Chicago ina mfumo ambamo maji ya mvua na maji taka hupita bomba moja. Mvua kubwa ikinyesha na bomba likijaa, uchafu hurudi juu kupitia tundu la sakafuni au choo cha nyumba ya chini. Angalia alama ya maji kwenye kuta karibu na sakafu, rangi mpya iliyopakwa kipande cha chini tu, ubao wa ukingo uliovimba, na harufu ya ukungu ndani ya kabati. Muulize mwenye nyumba kama ameweka vali ya kuzuia maji kurudi. Muulize pia mpangaji wa juu, kwani yeye ndiye anayejua zaidi.

La pili ni joto. Mwenye nyumba anayewasha joto mwenyewe analazimishwa na sheria ya jiji: kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1 nyumba iwe na angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 4:30 usiku. Usiku isipungue nyuzi 66. Akivunja, piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, na jiji litatuma mkaguzi. Lakini mpangaji akiwa na mtambo wake na bili yake, ulinzi huo haumfuniki kwa namna ileile, na bili ya gesi ya Januari na Februari inaweza kula nafuu yote ya kodi. Sheria ya Chicago inamtaka mwenye nyumba akuonyeshe makadirio ya gharama ya joto kabla hujasaini. Mdai kwa maandishi. Na kama joto ni la umeme kupitia vipasha joto vya ukutani, tunakushauri uache, kwani kwa kawaida huwa ghali kuliko gesi.

La tatu ni watoto na madini ya risasi. Hadi mwaka 1986 jiji lilikuwa linalazimisha mabomba ya risasi kuunganisha nyumba ndogo na bomba kuu, kwa hiyo jengo la zamani la familia mbili au tatu lichukulie kuwa nalo hadi ithibitishwe vinginevyo. Piga 311 uombe kipimo cha maji, ni bure. Wakati unasubiri, asubuhi acha bomba litiririke dakika 5, tumia maji baridi tu kupikia na kunywa, na nunua chujio lenye alama ya NSF 53, ambayo ni alama ya viwango. Kuchemsha hakuondoi risasi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Rangi za ukutani katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nazo huweza kuwa na risasi. Ikiwa inabanduka kwenye fremu za madirisha, mtoto mdogo asilale chumba hicho.

Kabla ya kusaini uliza tena: je, mwenye nyumba anaishi humo? Sheria kuu ya wapangaji ya Chicago, ya mwaka 1986, haihusu majengo yenye nyumba 6 au chini ambamo mwenyewe anakaa. Kwingine karibu kote inakulinda sana. Amana yako iwekwe akaunti ya pekee yenye riba na upewe risiti. Irudishwe ndani ya siku 45 baada ya kuhama. Asiingie bila taarifa ya siku 2, isipokuwa dharura. Faini ya kuchelewesha kodi haizidi dola 10 kwa dola 500 za kwanza, na asilimia 5 ya kinachozidi, kwa hiyo kwa kodi ya dola 1,200 ni dola 45. Akikuandikia 100, hana haki nayo.

Jambo la mwisho, shule. Kila anwani ina shule yake ya mtaa, na upande mmoja wa barabara unaweza kuwa na shule tofauti na ule wa pili, kwa hiyo itafuteni kwa namba kamili ya nyumba. Shule huomba vithibitisho viwili vya makazi. Lakini kama kwa sasa mmehifadhiwa na ndugu kwa kukosa nyumba, sheria ya taifa inawapa watoto haki ya kuanza shule mara moja hata bila karatasi hizo. Waambieni shuleni wazi kwamba mnaishi kwa ndugu kwa sababu hiyo. Kuna mama wanaolificha kwa aibu, watoto wakakaa nyumbani bure.

SWALI: Nimepata nafasi ya masomo Chuo Kikuu cha Chicago. Kila mtu ananiambia upande wa kusini ni hatari, nikae kaskazini nisafiri. Ninyi mnaonaje? (Mwanafunzi, Zanzibar)

JIBU: Kaa karibu na chuo. Hyde Park iko kati ya barabara ya 51 na ya 60, kuanzia Cottage Grove hadi ziwani, na mtu anaweza kuishi humo bila gari. Ukikaa Lakeview, huko kaskazini, kwa hofu, utapoteza saa nyingi njiani kila juma, tena utakuwa unabadilisha usafiri usiku.

Neno “kusini” linabeba sehemu kubwa mno ya jiji kuwa na jibu moja. Beverly iko kusini, Bronzeville iko kusini, Englewood iko kusini, na hazifanani. Tofauti hizo zina chanzo kinachojulikana. Watu weusi walipohamia kwa wingi kutoka majimbo ya kusini kuanzia Vita Kuu ya Kwanza, hati za nyumba ziliandikwa masharti ya kuwazuia kununua au kupanga mitaa ya weupe, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. Katika miaka ya 1930 ramani za wakala wa serikali ya taifa zilipaka rangi nyekundu mitaa yao, na mikopo ya nyumba ikakauka. Mtaa usiopata mkopo hauwezi kutengeneza mapaa yake wala kufungua maduka. Anayezungumzia hatari ya kusini bila kutaja hayo anawabebesha wakazi kosa lisilo lao.

Kwa usalama wako, acha jina la mtaa, angalia kipande cha barabara. Jiji huchapisha kwenye intaneti orodha ya matukio ya uhalifu tangu 2001, kwa kiwango cha kipande cha barabara chenye namba mia moja za nyumba. Tafuta kipande chako na viwili vya jirani. Kisha pita hapo mchana, na tena saa 4 usiku, uone taa, watu na maduka yaliyo wazi.

Kodi ikikushinda Hyde Park, angalia Kenwood kaskazini yake, au South Shore kati ya barabara ya 67 na ya 79. Woodlawn, kusini mwa chuo, imepandishwa kodi na ujenzi wa kituo cha Rais mstaafu Obama katika bustani ya Jackson Park, kiasi kwamba jiji lilipitisha sheria maalumu mwaka 2020 ya kuwalinda wakazi wa zamani. Huko soma mkataba kwa makini uone kodi ya mwaka wa pili.

Usafiri: vituo vya L viitwavyo Garfield viko barabara ya 55, lakini cha Red Line kiko 200 W ilhali nyumba za karibu na ziwa ziko kama 1600 E. Jumlisha, ni 1800, zaidi ya maili 2. Basi namba 55 linaunganisha. Kwenda katikati ya jiji, basi namba 6 au treni ya Metra Electric ndiyo njia fupi. Metra ina tiketi yake na hupita kwa ratiba, kwa hiyo usiende kituoni kwa kubahatisha.

SWALI: Nina gari. Mtaa upi una maegesho rahisi, na taka zikijaa nimlalamikie nani? (Dereva, Chicago)

JIBU: Mitaa ya nyumba fupi za matofali, kama Portage Park kaskazini-magharibi au Chatham kusini, ina nafasi barabarani na vichochoro vya nyuma vyenye gereji. Lakeview, Lincoln Park na Wicker Park zitakuchosha.

Popote ukaapo, nunua stika ya jiji ya gari ndani ya siku 30 tangu uanze kuishi Chicago. Barabara yenye kibao cha eneo la kibali inahitaji stika ya pili. Kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1 barabara kuu zenye jumla ya maili 107 haziruhusu gari kuanzia saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi, theluji iwepo au isiwepo, na gari huvutwa usiku wa kwanza kabisa. Majira ya joto angalia karatasi za rangi ya chungwa zinazofungwa kwenye miti siku moja kabla ya kufagia. Bomba la zimamoto liachie futi 15 kila upande, wala usisubiri kuona rangi ukingoni, maana kwa kawaida haipakwi. Na ukikuta kiti kimewekwa kwenye nafasi iliyoondolewa theluji, kiache. Kisheria barabara ni ya wote, lakini aliyeiondoa theluji atakukasirikia, na huko ndiko unakoishi.

Kuhusu taka, hesabu nyumba zilizo ndani ya jengo lako. Zikiwa 4 au chini, jiji ndilo linalozoa: piga 311, chukua namba ya ombi, na baada ya siku chache bila jibu ipeleke namba hiyo ofisi ya diwani wa kata yako. Bila namba hiyo watakurudisha 311. Zikizidi 4, mwenye jengo ndiye anayetakiwa kukodi kampuni ya taka, na lalamiko lianze kwake kwa maandishi.